Shule ya Barabara ya Lema: Zaidi ya Nusu Karne Chini ya Kilimanjaro

Historia ya shule ya kimataifa iliyoko Barabara ya Lema mjini Moshi inaanzia hospitalini. Katika miaka ya 1960 Shirika la Msamaria Mwema, lililoundwa na makanisa, lilikuwa likijenga hospitali ya rufaa ambayo leo kila mtu wa kaskazini anaijua kwa herufi nne tu: KCMC. Hospitali ya ukubwa ule haikuhitaji matofali na mitambo peke yake. Ilihitaji madaktari bingwa, wauguzi, wataalamu wa maabara, na walimu wa kuwafundisha vijana wa Kitanzania kazi hizo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukoloni juzi tu, na madaktari wake wazalendo walikuwa wa kuhesabika, ikalazimu wengine waombwe nje. Wakaja, na wengi wao walikuja na familia. Mtu anayehama na watoto, hata awe na moyo wa kujitolea namna gani, lazima aulize watoto watasoma wapi.

Kwa Tanzania ya wakati ule jibu halikuwa jepesi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, Elimu ya Kujitegemea ikafuata, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1969 Bunge likapitisha Sheria ya Elimu iliyoziweka shule nyingi za madhehebu na mashirika mikononi mwa serikali. Taifa lilikuwa linajenga elimu ya watoto wake, na lilikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo. Lakini mtoto wa daktari mgeni ambaye baada ya miaka miwili mitatu angerudi kwao alihitaji masomo yatakayomwezesha kuendelea na shule huko. Ndipo mwaka huohuo wa 1969, kabla hata Mwalimu Nyerere hajaifungua rasmi KCMC mwezi Machi 1971, ikaanzishwa International School Moshi, ambayo wenyeji walizoea kuiita ISM.

Kwa hiyo shule hii ilizaliwa kwa shida ya watu wachache. Haikuanzishwa na mwanafalsafa aliyekuwa na ndoto, wala haikuwa na kauli kubwa juu ya amani ya dunia. Ilikuwepo ili daktari wa macho au wa mifupa asifungashe mizigo yake kwa sababu ya mtoto wa darasa la tatu. Naliweka jambo hili mbele makusudi, maana kila sura ya historia yake iliyofuata imekuwa ikijibu swali lilelile kwa namna tofauti: shule hii ni ya nani?

Mahali penyewe palistahili shule. Wachaga walikuwa wamekwishaonja elimu ya darasani tangu mwishoni mwa karne ya 19, Wakatoliki walipoweka misheni Kilema na Walutheri wakafika Machame na Moshi. Kahawa ikasomesha watoto. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa 1933, kiliwapa wakulima sauti na fedha, na sehemu ya fedha hiyo iliishia kwenye madawati na ada. Mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, na mwaka huohuo kikafunguliwa juu mlimani Chuo cha Wanyamapori Mweka. Mji ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mji wa vyuo, ambapo mzee wa kijijini huuliza matokeo ya mtihani kabla ya kuuliza bei ya mahindi. Shule ya wageni ikaota katika udongo huo.

Juu ya yote hayo palikuwa na mlima.

Ukikaa Moshi unajua kwamba Kilimanjaro haionekani muda wote. Hujitokeza alfajiri, hujifunika mawingu jua likipanda, na mara nyingi hufunguka tena jioni. Walimu waliotoka ng'ambo waliukuta pale, dirishani mwa darasa, na haikuchukua muda wakaanza kuutumia kufundishia. Masomo ya nje, yaani safari za milimani na porini, yakawa sehemu ya shule kwa kiasi ambacho shule chache duniani zimekifikia. Utaratibu wake ni wa ngazi kwa ngazi. Mwanafunzi huanza na safari za chini, anajifunza kubeba mzigo wake, kupika kwenye jiko dogo la gesi, kusimamisha hema upepo ukivuma, na kumsubiri mwenzake aliyechoka. Akiweza, anapanda ngazi ya pili. Kwenye milima ya Pare, kwenye Meru yenye mita zaidi ya 4,500, na kwenye Kilimanjaro yenyewe, kila ngazi inataka ile iliyotangulia.

Anayeipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Mandara, takriban mita 2,700, kisha Horombo, mita 3,720. Hadi hapo bado anacheka na kuimba. Akivuka ile tambarare ya ukiwa kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, sauti zinapungua. Kibanda cha Kibo kiko mita zipatazo 4,700, na hapo kichwa kinauma, chakula hakipiti, na wengine hutapika. Karibu saa sita usiku huamshwa, huvaa kila nguo aliyonayo, na kuanza kupanda kokoto kwa mwanga wa taa ya kichwani, hatua moja, pumzi moja. Maji kwenye chupa huganda. Alfajiri humkuta Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, na wenye nguvu huendelea hadi Uhuru, mita 5,895. Mtoto wa miaka 16 au 17 aliyepita usiku ule amejifunza kitu ambacho hakiandikwi ubaoni: kwamba mwenzake aliyemdharau darasani ndiye aliyempa maji ya mwisho, na kwamba kugeuka na kushuka kwa sababu mwili umekataa si aibu.

Amejifunza jambo lingine, kama ana macho. Amewaona wapagazi, wale wanaoitwa wagumu, wakimpita na mzigo kichwani, wengine na viatu vilivyokwisha. Kijana anayesoma uchumi anaweza kusoma juu ya ujira na ukosefu wa ajira mwaka mzima. Mlimani somo hilo linampita likihema. Kwangu mimi, thamani ya safari hizi imo hapo kuliko kileleni.

Wakati shule inaanza, jambo lingine lilikuwa linatokea mbali, Geneva. Shule ya kimataifa ya mji huo, iliyoanzishwa 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, ilikuwa na tatizo la muda mrefu. Katika darasa moja la mwisho wanafunzi walijitayarisha kwa mitihani tofauti ya nchi tofauti, kila mmoja kwa chuo kikuu cha kwao. Suluhisho lilikuwa mtihani mmoja utakaokubalika na vyuo vya nchi nyingi, na mwaka 1968 likaanzishwa shirika la kuusimamia, la Bakaloria ya Kimataifa, ambalo watu hulitaja kwa herufi IB. ISM iliuchukua mtaala wa shirika hilo katika miaka ya 1970, ikawa miongoni mwa shule za mwanzo kabisa barani Afrika kufundisha diploma yake.

Aliyesoma kwa mfumo wetu wa kidato cha tano na sita, na michepuo yake ya masomo matatu, ataona tofauti mara moja. Mwanafunzi wa diploma ya IB husoma masomo sita. Hawezi kuikimbia hisabati, hawezi kuacha lugha ya pili, hawezi kukaa bila somo la sayansi wala la jamii. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha: anayekifahamu husoma fasihi yake, na aliyeshuka ndege jana huanza na salamu. Juu ya masomo hayo kuna insha ndefu ya utafiti, isiyozidi maneno 4,000 kwa Kiingereza, na kuna somo la nadharia ya maarifa ambalo huuliza tunajuaje tunachodai kukijua.

Somo hili la mwisho lina mifano tele Moshi. Vitabu vya kwetu na vya kwao vimesema kwa miaka mingi kwamba aliyefika kilele cha Kibo kwanza ni Hans Meyer, Mjerumani, Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller. Watu wa Marangu wana jina la tatu, Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa kwao aliyewaongoza mlimani. Nani aliandika, nani alisimulia, na kwa nini kalamu ilishinda mdomo kwa muda mrefu hivyo? Au chukua barafu ya kileleni. Ramani na picha zinaonyesha kwamba kati ya 1912 na 2000 takriban asilimia 80 ya eneo lake lilitoweka. Wazee wa mlimani nao wanasema walivyoiona utotoni na walivyoona mifereji yao ikipungua maji. Mashahidi hawa wawili hawasemi kitu kimoja kwa namna moja, na mwanafunzi anayekaa katikati yao, dirisha limefunguliwa kuelekea kwenye barafu yenyewe, ana bahati ambayo mwenzake wa London hana.

Sehemu ya tatu ya diploma hiyo ni ubunifu, mazoezi ya mwili na utumishi kwa jamii, mambo ambayo hayana alama lakini bila kuyatimiza hupewi cheti. Hapa pana jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu ilitoka 1967. IB ilianzishwa 1968. Ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya taifa maskini la wakulima, ya pili kwa ajili ya watoto wa wanadiplomasia. Zote mbili zilishuku elimu inayoishia kwenye mtihani, zote zilitaka mikono ya mwanafunzi iguse kazi na macho yake yaone jirani. Mwalimu alitaka shule iwe na shamba na iwe sehemu ya kijiji. Wale wa Geneva walitaka mwanafunzi atoke nje ya ukuta akatumike. Fikra hizi zilikutana Moshi bila mtu yeyote kuzipangia mkutano, na ninaamini shule ya Barabara ya Lema ilifaidi kuwa ndani ya nchi ambayo tayari ilikuwa inabishana juu ya maana ya shule. Jembe halikuwa jambo la ajabu hapa.

Miaka ya mwisho ya 1970 ilikuwa migumu kwa kila aliyeishi Tanzania, na waliokuwa shuleni hawakuwa kisiwani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, na Taveta, ambayo iko jirani kabisa na Moshi, ikawa ghafla nchi ya mbali hadi mpaka ulipofunguliwa tena 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza hazina. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya taa na petroli viliadimika. Anayekumbuka foleni za maduka ya kaya anajua ilivyokuwa kazi kulisha nyumba moja, sembuse bweni.

Katikati ya hali hiyo, mwaka 1980, Moshi ilipokea mkutano wa Jumuiya ya Shule za Kimataifa. Mada yake ilikuwa mahitaji ya mtoto wa umri wa kati, kuanzia miaka 11 hadi 16. IB ilikuwa na mtaala wa miaka miwili ya mwisho tu, na walimu walikuwa wanaona pengo: mtoto anafikaje pale akiwa tayari? Waliokutana waliacha kwanza kuuliza ni masomo gani afundishwe, wakauliza mtoto wa umri ule anahitaji nini. Wakazungumza juu ya mahitaji yake ya akili, ya mwili, ya nafsi, ya ubunifu, ya kuishi na wenzake, na ya kuijua dunia anayoishi. Mazungumzo hayo yaliendelezwa na jumuiya hiyo kwa miaka kadhaa hadi yakawa mtaala kamili, IB ikakabidhiwa mtaala huo, na mwaka 1994 ikauzindua kama programu yake ya miaka ya kati. Leo inafundishwa katika shule zaidi ya elfu moja duniani.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Tumezoea kuona mitaala ikija kwetu ndani ya masanduku, imeandikwa kwingine na watu wasiotujua. Huu mmoja una mizizi yake Moshi, katika nchi iliyokuwa haina sukari dukani. Mzazi wa Toronto au wa Delhi ambaye mwanawe anasoma kwa programu hiyo hajui habari hii, na wala si kosa lake. Lakini mtoto wa mitaa ya Moshi kama Majengo au Pasua kujua habari hii ni halali yake, na sijui kwa nini hatumwambii.

Mwaka 1987 shule ilifungua kampasi ya pili Arusha. Ilikuwa hatua yenye mantiki, kwa sababu Arusha ilikuwa inakua, na baadaye ikakua zaidi kuliko alivyotarajia mtu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliwekwa kule kuanzia 1995 na ikafanya kazi hadi mwisho wa 2015. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ukatiwa saini Arusha Novemba 1999, na makao makuu yake yakabaki hapohapo. Mji ukajaa majaji, wakalimani, wanasheria na wataalamu wa utalii na uhifadhi, nao pia, kama madaktari wa 1969, walikuja na watoto. Moshi ikabaki kuwa mahali pa bweni, pa watoto waliotoka mbali.

Na bweni ndilo linalotofautisha shule ya kutwa na jumuiya. Fikiria chumba cha vijana wanne, wawili kati yao hawajawahi kulala chumba kimoja na mtu asiye ndugu. Mmoja anaamka kula daku mwezi wa Ramadhani, mwingine ana mtihani kesho na anataka giza na kimya. Mmoja amezoea kuazima bila kuuliza kwa sababu kwao kaka haombi kwa kaka, mwingine kwao hilo ni wizi. Mmoja hasalimii asubuhi hadi anywe chai, na jirani yake wa Kitanzania anakaa siku tatu akidhani amemkosea. Hakuna hotuba ya amani inayotatua mambo haya. Yanatatuliwa kwa kukaa kitandani na kuambiana, kwa msimamizi wa bweni kugonga mlango, kwa kugombana na kupatana. Wazee wetu waliosoma Tabora, Ilboru au Weruweru, zama ambazo vijana walichanganywa makusudi kutoka mikoa yote, wanaijua shule hiyo. Taifa hili lilijengwa kwa kiasi kikubwa mabwenini. Kinachofanyika Barabara ya Lema ni jambo lilelile, isipokuwa mikoa imekuwa mataifa.

Watoto hao hawaishi ndani ya uzio tu. Hupanda daladala au bodaboda kwenda mjini, huchakura mitumba Mbuyuni, hujifunza kupunguza bei na hujifunza pia wakati ambapo kupunguza bei ni kumwonea mama anayeuza nyanya. Anayebahatika kualikwa nyumbani kwa mwenzake Kibosho au Old Moshi hupewa mtori, na akifika wakati wa msiba hujua maana ya watu kuacha kazi zao na kuja kukaa.

Kuna watu ambao historia za shule za namna hii huwasahau, na sitaki kufanya hivyo. Walimu wa kimataifa huja kwa mkataba, hufundisha miaka kadhaa, huondoka. Wakuu wa shule hubadilika. Wanafunzi ndio kabisa, wanapita. Wanaobaki ni mpishi, mlinzi, dereva wa basi, fundi bomba, mama wa bweni, karani wa ofisi, mtunza bustani. Hao ndio wanaojua mti upi ulipandwa lini, bomba gani hupasuka masika ikianza, na mtoto yupi hulia Jumapili jioni baada ya kuongea na mama yake kwa simu. Mhitimu anaporudi baada ya miaka 20 na kukuta ofisi zote zina sura ngeni, anayemtambua kwa jina huwa mtu wa jikoni au wa getini. Wengi wao ni watu wa Moshi na vijiji vya karibu, na wengine wamesomesha watoto wao kwa mshahara wa kazi hiyo. Likitengenezwa bango la majina ya waasisi, nafasi yao iko juu.

Mwaka 2019, shule ikitimiza miaka 50, jina lilibadilika. ISM ikawa UWC East Africa, chuo cha 18 katika mtandao wa United World Colleges, na cha pili barani Afrika.

Chanzo cha mtandao huo ni Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyezaliwa Berlin 1886. Alianzisha shule ya Salem 1920, akampinga Hitler hadharani, akakamatwa 1933, kisha akakimbilia Uingereza na kuanzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland. Aliamini kwamba kijana hujijua anapokabili bahari, mlima, au mtu anayehitaji kuokolewa. Katika miaka ya 1950, alipoona maofisa wa kijeshi wa nchi zilizopigana vita majuzi tu wakisoma pamoja katika chuo kimoja mjini Paris, aliuliza kwa nini vijana wasisome hivyo kabla hawajapewa bunduki. Jibu lake likawa Chuo cha Atlantic, kilichofunguliwa 1962 katika ngome ya St Donat's, Wales.

Fikra za Hahn zilikuwa zimekwishafika Kilimanjaro kabla ya hapo. Mfumo wake wa mafunzo ya nje, Outward Bound, ulioanzia Wales 1941, ulifungua kituo Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima huu, katika miaka ya 1950. Kwa hiyo pande mbili za mlima mmoja zimewahi kuwafundisha vijana kwa wazo moja, mpaka wa nchi ukiwa katikati.

Dada mkubwa wa Moshi katika familia ya UWC ni Waterford Kamhlaba, iliyofunguliwa 1963 kilimani karibu na Mbabane, katika nchi ambayo sasa ni Eswatini. Michael Stern, Mwingereza aliyekuwa mwalimu Johannesburg, aliona sheria za ubaguzi zikifunga milango ya shule za Waafrika, akavuka mpaka na kufungua shule ambamo mtoto mweusi na mweupe wangekaa dawati moja. Mfalme Sobhuza II ndiye aliyeipa jina la Kamhlaba mwaka 1967. Mabinti wa Nelson Mandela, Zenani na Zindzi, walisoma pale baba yao akiwa kifungoni. Ilijiunga na UWC 1981. Ukizilinganisha shule hizi mbili unaona njia zao zilivyotofautiana: Waterford ilizaliwa na hoja, kisha ikatafuta wanafunzi, na Moshi ilizaliwa na wanafunzi, ikachukua miaka 50 kuifikia hoja.

Mwanzo wa sura mpya haukuwa na bahati. Kundi la kwanza la wanafunzi wa UWC lilifika Agosti 2019. Machi 2020 serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya korona, ndege zikaacha kuruka, na IB ikafuta mitihani yake ya Mei duniani kote kwa mara ya kwanza. Shule ambayo nguvu yake yote ni watu kukaa pamoja ililazimika kufundisha watu waliotengana.

Hapa ndipo swali la mwanzo linarudi, na halikwepeki. Kwa muda mwingi wa maisha yake shule hii ilikuwa ya mtoto ambaye mzazi wake au mwajiri wa mzazi wake angeweza kulipa. Ada ya shule ya kimataifa ni fedha ambayo mkulima wa kahawa wa Uru, anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu, hawezi kuiota. Watu wa Moshi walipita nje ya uzio ule miaka mingi wakijua kwamba shule si yao. Kubadilika kuwa UWC hakukufuta ada hiyo, na wanaolipa kamili bado wapo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mlango wa pili. Katika nchi na maeneo zaidi ya 150 kuna kamati za kujitolea zinazochagua vijana wa kuingia miaka miwili ya diploma. Kinachotazamwa kwanza ni kijana mwenyewe, kisha ndipo huangaliwa familia yake inaweza kuchangia kiasi gani, na wasio na uwezo huweza kutochangia chochote. Kwa mlango huohuo vyuo vya UWC vimepokea vijana waliokulia katika kambi za wakimbizi. Na baada ya diploma, wahitimu wanaopata nafasi katika vyuo vikuu vingi vya Marekani husaidiwa na mfuko ulioanzishwa na familia ya Davis mwaka 2000.

Tanzania ina kamati yake. Kijana anayechaguliwa anaweza kupangiwa Moshi, na anaweza vilevile kupangiwa chuo kingine cha UWC, kama kile cha Wales, cha Mostar kule Bosnia au cha Mbabane. Anayemaliza kidato cha nne Novemba hupata matokeo yake Januari, na masomo ya Moshi huanza Agosti, kwa hiyo muda upo. Tatizo ni habari. Habari hizi huzunguka katika shule za mijini na kati ya wazazi wenye intaneti, na mwalimu mkuu wa shule ya kata kule Same, Kasulu au Newala anaweza kumaliza utumishi wake bila kuzisikia, ilhali darasani mwake ameketi msichana anayestahili. Wahitimu wa ISM wametapakaa serikalini, katika kampuni na mashirika ya nchi hii. Wanaotaka kuiadhimisha shule yao wanaweza kuanza kwa kwenda wenyewe kwenye shule kumi za kata, na fomu mkononi.